Diski Imejaa, Nafasi Ipo

Saa tisa usiku simu inalia: watu hawaingii kwenye tovuti yetu. Mtu anaandika nywila sahihi, anarudishwa mlangoni. Naamka na shuka begani, nasoma kumbukumbu za hitilafu: diski haina nafasi. Naandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Diski ileile, bila haya, inasema asilimia 60 iko wazi.

Nikaijaribu df -i, ndipo ukweli ukatoka. Zilizokwisha ni inodi, yaani kadi za kusajili faili kwenye diski. Kila faili, hata liwe tupu, linakula inodi moja, na 100% zilishaliwa. Nani kala?

Nikaingia kwenye /tmp, folda ya faili za muda, nikaandika ls, amri ya kuorodhesha majina. Kimya. Nikakunja mikono kama mzee wa baraza. Kimya. Kumbe ls haitaji jina hata moja mpaka iyapange yote kwa alfabeti. Nikaikatiza, nikaja na ls -f, isiyopanga. Mama yangu! sess_, sess_, sess_, skrini inatiririka mpaka macho yanauma. Ni mafaili ya seshoni, moja kwa kila mgeni wa tovuti. Mengi yana baiti 0. Wageni waliondoka zamani, ndala zao wameziacha mlangoni, mwenye nyumba hana pa kupita.

Haya, rm sess_*, yaani futa yote yanayoanza na sess_. Jibu: orodha ni ndefu mno. Najua ni ndefu! Ndiyo maana nimekuja kufuta! Nikabishana na skrini peke yangu, kwa sauti. Mwishowe nikaiita find, inayookota moja moja, na -delete. Nikaweka -mmin +60, yasiyoguswa kwa zaidi ya saa moja, nisiwatoe walio hai.

PHP, lugha inayoendesha tovuti, kwa kawaida huhesabu seshoni imekufa baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Lakini kufa si kuzikwa. Kwenye Debian, mfumo wa Linux, mzikaji ni kazi inayojiendesha kwa ratiba, naye hufuata folda iliyotajwa kwenye php.ini, faili la mipangilio. Sisi tulizihamishia seshoni /tmp ndani ya msimbo, hatukumwambia. Nasema "sisi" kwa heshima tu, ni mimi.

Halafu kuna boti, si za majini, hizi programu zinazobisha hodi usiku kucha. Hazirudishi kuki, kile kitambulisho cha mgeni, kwa hiyo kila hodi faili jipya.

Mkuu ameandika: kwani hatuwezi kununua diski kubwa zaidi? Sijamjibu.

Find bado inaokota. Na kiti hiki nacho, kila nikiegemea kinalia, nikikaa wima kinanyamaza. Nilishakaza skrubu zote. Zote! Au kuna moja nyuma huko...