Mvua ya Kyambura

Kwa wale mliotumiwa ile sauti ya shemeji yangu kwenye grupu, anayosimulia yaliyonikuta tulipokwenda kutazama sokwe: haikuwa hivyo. Ilikuwa mbaya zaidi, ndiyo maana nasimulia mwenyewe kabla hajaongeza chumvi nyingine.

Kyambura mnaijua, lile korongo la sokwe kule Uganda. Unatembea kwenye nyika ya hifadhi ya Queen Elizabeth, nyasi tupu, jua la utosini, mara ardhi inapasuka mbele ya viatu vyako: mita 100 hivi kwenda chini, msitu mzito, na mto unaokwenda kumwagikia Mfereji wa Kazinga. Tukashuka tukishikilia mizizi. (Mimi na viatu vyeupe vya harusini. Msiulize.) Kule chini ni kimya mpaka unasikia tumbo la mwenzako. Renja akanong'ona mambo mawili: mtoni kuna viboko, na sokwe wakiwa juu, msisimame chini yao. La viboko nililishika.

Tukawakuta kwenye mkuyu. Vipande vya matunda vinadondoka, nami shingo nimeitupa nyuma kama fundi wa dishi, nahesabu: mmoja, wawili, yule mkubwa amenipa mgongo. Mdomo wazi. Jamani, nani anahesabu sokwe kwa mdomo uliofungwa?

Tone la kwanza likatua kwenye paji la uso. La uvuguvugu. Nikafanya afanyavyo kila aliyelelewa shambani: nikanyoosha kiganja kupima mvua. Likaja la pili, la tatu, kiganja kikalowa. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya mzee anayejua misimu, "Bora inyeshe, mihogo ilikuwa inakauka."

Kimya. Shemeji alikuwa ameshajivuta nyuma hatua tano, simu mkononi. Nikatazama juu tena nione wingu lenyewe liko wapi. Wingu halikuwepo, hata la dawa. Kulikuwa na yule mkubwa, na sasa alikuwa amefungulia bomba lote. Na mdomo wangu, kama nilivyosema...

"Pole, ssebo," renja akasema, akanipa chupa ya maji, akageukia mtoni mabega yakimcheza.

Nilisukutua mpaka Kasese. Viatu nimegawa. Mke wangu kila asubuhi ananiuliza kama mihogo imepata maji.

Ila hilo la shemeji kwamba nilikinga mikono miwili kama napokea sakramenti, nakataa. Ulikuwa mkono mmoja.