Maabara ya tishu ya pamoja: nani ashike funguo?

Wazo la vyuo na taasisi za utafiti za Dar es Salaam kutumia maabara moja ya kukuza tishu za mimea (kuotesha mche kutoka kipande kidogo, ndani ya chupa) na kubadili vinasaba linavutia, hasa kwa anayejua bei ya vitu. Kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, hadi TARI Mikocheni, kituo cha taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, ni kilomita chache tu, na kote kuwili wapo wanaohangaika na muhogo uleule na maradhi yaleyale: batobato na michirizi kahawia. Kila upande ukinunua otoklevu yake (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu), kabati lake la hewa safi, viyoyozi vya chumba cha kukuzia na jenereta, fedha inatoka mara mbili.

Isitoshe, tunajua yanayofuata mradi ukifungwa. Mkataba wa fundi unakwisha, vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vinapita tarehe kwenye jokofu, mashine inafunikwa kitambaa. Maabara yenye watumiaji wengi haizimiki kirahisi hivyo.

Lakini tishu zina tabia yake. Chakula cha mimea cha chupani, kwa kawaida kile cha Murashige na Skoog cha mwaka 1962, huongezwa sukari, na ukuvu hukifurahia kuliko mmea wenyewe. Mwanafunzi mmoja asiyechoma koleo lake sawasawa kuua vijidudu, au anayeficha chupa iliyochafuka ili msimamizi asiione (wapo!), anawaharibia wenzake. Utitiri nao hubeba spora, mbegu za ukuvu, chupa hadi chupa. Kwa muhogo, kufikia mche uliobadilishwa vinasaba ni kazi ya miezi mingi, na aina nyingine ni kaidi kabisa kuchipua upya kutoka kwenye tishu. Kazi hiyo ikioza, nani atalipa? Kwenye chumba cha wote uchafu hauna mwenyewe.

Gumu zaidi ni kuziweka kazi hizi mbili, kukuza tishu na kubadili vinasaba, chini ya paa moja. Kitaalamu zinategemeana: bakteria wa Agrobacterium akishaingiza kinasaba kwenye seli, ni ukuzaji wa tishu unaoigeuza seli hiyo kuwa mmea. Kisiasa ni habari nyingine. Jaribio la mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2021 serikali ikasitisha majaribio ya aina hiyo. Miche ya tishu ya migomba haina kinasaba cha kuongezwa, ila mkulima akisikia imetoka jengo moja na GMO, utamweleza mpaka jua lizame.

Kwangu mimi, maabara hiyo ijengwe, lakini iuze huduma badala ya kugawa funguo. Mtafiti alete vipande vyake, mafundi wa kudumu wafanye kazi, naye akabidhiwe machipukizi. Wanafunzi wapewe chumba chao cha kujifunzia. Kazi ya vinasaba iwe na mlango wake, daftari lake na kibali chake.

Kikwazo ni ada. Ya chini haitalipa dizeli umeme ukikatika katika joto la Februari. Ya juu itawarudisha watafiti kwenye vijimaabara vyao. Kwa hiyo mishahara ya mafundi iingie kwenye bajeti ya kudumu ya chuo mwenyeji kabla mashine ya kwanza haijaagizwa.