Acheni Kuzitoa Matumbo Redio Mbao

Redio mbao iko mezani Mwanjelwa, imepigwa vanishi mpya, kitambaa cha spika kimebadilishwa, vitufe vinang'aa. Igeuze nyuma: kadi ya bluetooth, betri ya simu iliyogandishwa kwa gundi, na uwazi pale palipokuwa na fimbo ya feraiti, ile antena ya ndani. Mashine yenyewe imeshakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Muuzaji bado anaiita redio. Inauma, maana nyingi ya hizi zilizochinjwa zilihitaji nusu siku tu ya fundi.

Wanaosema FM imemaliza kazi yote hawajakaa mabondeni Makete au Ileje. FM huenda moja kwa moja. Ikikutana na safu ya Livingstone au mgongo wa Rungwe, nyuma ya mlima unabaki mkoromo. Masafa ya kati hufuata uso wa ardhi, na jua likizama lile tabaka la chini la anga linaloyameza mchana hutoweka, mawimbi yakapanda juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbele. Masafa mafupi huenda mbali zaidi. Ndiyo maana redio ya mawe (betri kavu) manne kijijini iliishika Radio Tanzania Dar es Salaam, na usiku ikashika Zambia na Malawi, bila mlingoti wowote wilayani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza, kwa wiki 12, wakijifunza kuchimba vyoo na kuondoa mazalia ya mbu. Chombo kilichobeba somo lile ndicho hiki kinachouzwa kwa kilo.

Afrika Magharibi walianza kwa njia nyingine. Freetown mwaka 1934, kisha Accra na Lagos mwaka 1935, serikali za kikoloni zilivuta waya kutoka kituo kikuu hadi majumbani. Mteja alilipa kila mwezi, akapewa kisanduku chenye spika na kitufe cha sauti. Kuchagua stesheni hakukuwepo. Kituo kikipokea London, nyumba zote zinasikia London. Waya ukikatika, mtaa mzima kimya. Wenzetu wanavikumbuka visanduku vile kwa mapenzi, na wana haki, kwa sababu ndivyo vilivyoingiza sauti ya kwanza nyumbani mwao. Lakini huku kwetu, nyumba zimetawanyika toka Mufindi hadi Kyela, nani angelipia waya wote huo? Tulihitaji chombo kinachojitegemea. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ndio waliosukuma mpaka mwaka 1949 ikatoka redio ya betri ya bei nafuu, ile ya umbo la sufuria, kwa pauni 5, na betri yake kavu ikidumu saa 300 hivi.

Sasa anayeng'oa mashine na kupachika bluetooth anaturudisha kwenye kisanduku cha waya: spika inayosubiri kulishwa na simu, na simu nayo inasubiri kifurushi.

Basi kabla hujang'oa, anza na nyumba ya mawe, pale betri zinapokaa. Mawe ya zinki yakisahaulika ndani, kopo lake huliwa, uji ukamwagika kwenye springi. Uji ule una asidi. Futa kwa maji yenye magadi kidogo, kisha maji safi, kisha spiriti, halafu msasa laini mpaka chuma king'ae. Mawe ya alkalaini ni kinyume, hayo yanataka siki. Kuanika mawe juani kulisaidia kweli, joto liliamsha kemikali zilizobaki, ila jiwe lililoanikwa mara nyingi ndilo lililokuwa la kwanza kuvuja.

Angalia chanya na hasi kabla ya kuweka adapta. Redio nyingi za miaka ya 60 zina transista za jeremani (elementi ya germanium, si nchi), na mara nyingi chanya ndiyo iliyoungwa kwenye chasisi, fremu ya chuma ya ndani. Aliyezoea saketi za siku hizi huunga kinyume na kuziua papo hapo.

Ikiwaka lakini inapiga put-put-put, au sauti ni hafifu, kapasita za elektroliti zimekauka. Badilisha ile kubwa ya kwenye njia ya umeme, mara nyingi maikrofaradi 100 au zaidi, na ile ya 5 hadi 10 inayotoka kwenye volyumu. Thamani iwe ile ile, volti 16 au zaidi. Ukilehemu mguu wa transista ya jeremani, ubane kwa plaizi karibu na kopo ili joto liishie hapo. Philips zenye transista AF117 zina ugonjwa wao: ndani ya kopo huota nywele za bati zinazogusana na miguu. Kata mguu wa ngao unaokwenda chasisi, na mara nyingi redio hufufuka.

Kosa linaloua redio nyingi ni hili: bisibisi kwenye vile vikopo vya alumini vyenye skrubu za njano, nyeupe na nyeusi. Mara nyingi vimepangwa karibu na kilohezi 455, masafa ya ndani ya redio yenyewe. Fundi asiye na subira huvizungusha akidhani anaongeza nguvu. Kila anachogusa kinatoka kwenye mstari, redio inakuwa kiziwi, kisha anamwambia mwenye nayo kwamba imekufa. Haijakufa. Ameiziba masikio mwenyewe. Naomba sana, msiviguse.

Na mkoromo si lazima uwe wa redio. Zima chaja za simu na taa za LED zilizo karibu, usikilize tena. Kwa masafa mafupi, vuta waya wa mita 10 hadi kwenye mparachichi, na uuchomoe radi zinapoanza.

Nakubali, stesheni za masafa ya kati zimepungua sana, na anayetaka muziki wa simu asinyimwe. Anaweza kuupata bila kuchinja. Upande wa kushoto na wa kulia wa jeki ya waya wa simu, kila mmoja upite kwenye rezista ya kiloomu 1, miisho iunganishwe, ipite kwenye kapasita ya maikrofaradi 1, kisha iingie mguu wa juu wa volyumu, ule unaopokea sauti kutoka kwenye diodi. Waya wa ardhi wa jeki uende chasisi. Weka swichi ndogo ya kuchagua diodi au simu.

Hiyo ni kwa redio za mawe tu. Zile za valvu (taa za kioo zilizotangulia transista) zinazotumia umeme wa ukutani, baadhi chasisi yake imeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, na waya wa simu hapo unaua mtu. Hizo mpelekee fundi anayezijua valvu, na umwambie asitupe hata skrubu.