Swift mpya na lile pengo juu ya tairi

Tangu Suzuki Swift ya umbo jipya ianze kuonekana Kampala, nimesikia lawama mbili zikirudiwa na watu wanaojua magari. Ya kwanza: uso wake umekuwa kama wa samaki. Ya pili: gari limesimama juu mno, hata pengo kati ya tairi na fenda linaingiza ngumi. Lawama ya kwanza naikubali nusu. Ya pili inalionea gari hili, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

La kwanza kuliona kwa macho yangu lilikuwa jekundu, limeegeshwa nje ya bondi moja, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, pale Nakawa, katikati ya Harrier mbili. Kwenye simu nilikuwa nimeliona bapa. Pale, kwa jua la saa kumi, niliona mstari unaoanzia ukingoni mwa boneti, unashuka ubavuni na kuzunguka hadi taa za nyuma, kama mshono wa kofia. Nguzo za kioo cha mbele zimebaki nyeusi, jambo lililoanza na umbo la 2004, kwa hiyo paa bado linaonekana kama limewekwa tu juu ya vioo. Urefu wake ni milimita 3860, gari fupi, lakini lina mabega. Aliyeizoea Swift ya zamani ataitambua hii hata akiwa nyuma yake kwenye foleni ya barabara ya Jinja.

Uso ndio unaogawanya watu. Nembo ya S imetolewa kwenye grili ikapandishwa ukingoni mwa boneti, na grili yenyewe sasa ni uwazi mweusi wa plastiki inayong'aa, umezungukwa na bampa iliyotuna. Wasioipenda wanaona mdomo ulioachwa wazi. Mimi napenda taa zake, hasa ule mwanga wenye umbo la herufi L, ila plastiki ile siitetei. Vumbi jekundu la murram linaonekana juu yake siku hiyo hiyo, na boda boda ikiikwaruza, mkwaruzo unabaki ukimtazama kila apitaye. Nasikia wengine wameanza kuliita gari zima samaki. Majina kwetu huwa hayafutiki: Corolla ya AE100 tuliipa jina la kikumi, yaani mia kwa Kiganda, kwa sababu ya ile 100 yake, na mpaka leo hakuna anayeiita vingine. Natumaini hili la samaki halitashika.

Kuna badiliko moja ambalo wachambuzi wengi wanalihesabu kuwa hasara, nami nalihesabu kuwa faida kubwa. Swift iliyotangulia ilificha kitasa cha mlango wa nyuma juu, kwenye nguzo nyeusi kando ya kioo, ili gari lionekane la milango miwili. Lilipendeza kweli. Lakini nilimwona jaja mmoja, mama wa jirani yangu, akipapasa mlango huo huku mvua ikimnyeshea, mpaka mjukuu akashuka kumfungulia. Mtoto wa miaka mitano naye hakifikii. Katika umbo jipya kitasa kimerudi mlangoni, mahali mkono unapokitafuta. Wanaosema gari limepoteza haiba yake wanazungumzia ubavu unaotazamwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Anayepanda kiti cha nyuma kila siku kwenda kanisani au msikitini hajaulizwa.

Sasa tuje kwenye lile pengo. Swift hii ilitoka Japani Desemba 2023, na India Mei 2024. Ya Japani inayovutwa na magurudumu ya mbele imeandikwa milimita 120 kutoka ardhini hadi tumboni. Ya India imeandikwa 163, na zinazokuja Afrika zikiwa mpya hutoka huko India. Tofauti ni milimita 43. Nimezigeuza hizo 43 kichwani kwa siku kadhaa, kwa sababu ukipima mpaka paa hesabu haikubali: ya Japani ina kimo cha 1500, ya India 1520. Gari haliwezi kupanda 43 tumboni na 20 tu kichwani. Sehemu ya tofauti lazima inatokana na namna ya kupima, au na kilichofungwa chini ya gari. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ya India imenyanyuliwa kwa 43 kamili. Hata tukibaki na zile 20, huo ni upana wa kidole gumba, na kwenye matuta yaliyojengwa na wakazi wenyewe bila kipimo, upana wa kidole gumba unaamua kama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, itagonga au itapita.

Tairi nazo zina habari yao. Swift ya Japani ya daraja la juu huvaa rimu za inchi 16 na tairi za 185/55. Ya India huvaa inchi 15 na 185/65. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa ukuta wa tairi. Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi wa kwanza una milimita 102 hivi, wa pili 120. Jicho linaona rimu ndogo ndani ya fenda kubwa, nalo linasema gari limepungukiwa. Rimu inaona kitu kingine: milimita 18 zaidi za mpira kati yake na ukingo wa shimo. Waliozoea kununua rimu iliyopinda wanajua mpira huo una thamani gani.

Nami nawauliza wanaolicheka pengo hilo: magari yenu mmeyafanyaje? Wish, Vitz au Raum ikishatolewa bondi, safari yake ya mwanzo kwa wengi ni kwa fundi, kufungiwa speisa ili iinuke. Tunalipa fedha kutengeneza pengo lile lile, kwa vipande vya mpira au chuma juu ya springi, tena bila mtu wa kiwandani kuhakikisha kwamba breki na usukani vinalikubali. Hapa kiwanda kimelileta gari likiwa limeshainuka. Kwa nini la fundi liwe akili na la kiwanda liwe ubaya?

Upande wa pili una hoja nzito pia. Umbo hili lilichorwa kwa rimu kubwa na mwili ulioshuka, na ukiziweka Swift mbili sambamba, ya Japani ndiyo yenye uwiano bora. Mganda hununua gari akimfikiria pia atakayemuuzia kesho. Japani gari jipya hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, na wengi huliuza wakati huo, kwa hiyo Swift za umbo hili zilizotumika Japani zitafika Nakawa kwa wingi kuanzia 2027. Zitakuja zimekaa chini, za kupendeza, na mnunuzi ataona ya India kama ndugu aliyevaa viatu vikubwa. Hilo linaweza kumshushia mwenye nayo bei, na hatakuwa ameonewa na yeyote. Anayewaza usalama naye ajue kwamba Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, iliipa Swift ya Ulaya nyota 3 kati ya 5 mwaka 2024. Mabega yale hayasemi lolote kuhusu chuma kilicho ndani.

Anayeishi kwenye lami, Kololo au Naguru, asubiri ya Japani. Kwa sisi wa barabara za udongo kule Bombo na kwingineko, ningechukua ya India, ila ningekwepa madaraja ya chini yenye rimu za chuma za inchi 14 zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Pale ndipo pengo linaponisumbua hata mimi, kwa sababu tairi yake ya upana wa milimita 165 ni nyembamba kwa yale mabega, na ukilitazama gari kwa nyuma linaonekana limesimama kwa vidole.