Kangaga la Kibuye: mizizi ya minyoo na swali la udongo

Mama mmoja anayeuza miti shamba katika soko la Kibuye, Kisumu, alinifungulia gazeti akanionyesha fungu la mizizi ya kangaga: myeusi, imejaa nywele za kahawia kama kifuu cha nazi. "Hii ni ya minyoo, mwanangu." Nikamuuliza imechimbwa wapi. "Kakamega, msituni." Upande gani? Hapo alinyamaza, maana yeye huletewa na mchuuzi.

Tangu siku ile swali hilo la mwisho halijaniondoka. Kwa kawaida tukizungumzia dawa za kienyeji tunagawanyika makundi mawili: wanaosema cha asili hakidhuru, na wanaosema ni ushirikina mtupu. Kangaga linawakosoa wote wawili.

Nianze na haki ya mama. Mmea huu usio na ua wala mbegu, unaozaana kwa vumbi la kahawia lililojipanga mgongoni mwa jani, una historia ndefu ya tiba. Wagiriki wa kale walitumia mzizi wa jamii moja ya kangaga, Dryopteris filix-mas, kufukuza tegu. Baadaye wanakemia walitenga kemikali zake na kuziita filisini. Zinamlemaza mnyoo, anaachia ukuta wa utumbo, kisha mgonjwa anapewa dawa ya kuharisha amtoe. Madaktari wa Ulaya waliiandika dawa hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayecheka mizizi ya Kibuye hajasoma.

Lakini madaktari hao hao walijua hatari yake. Kipimo kikizidi, mgonjwa aliweza kupofuka. Walikataza hata kumharisha kwa mafuta ya nyonyo, kwa sababu mafuta huifanya sumu iingie mwilini zaidi. Dawa salama zaidi za tegu zilipopatikana, kama prazikwanteli, mzizi ukawekwa kando. Tena huo ni jamii moja tu kati ya maelfu. Fungu nililoliona Kibuye huenda ni la jamii nyingine kabisa, na mzizi uliokatwa majani ni vigumu mno kuutambua.

Ona kangaga lile linalovamia malisho na mashamba yaliyochomwa, Pteridium aquilinum. Lina kemikali iitwayo ptakilosidi, na ng'ombe akilila kwa muda mrefu hupata uvimbe wa kibofu na kukojoa damu. Mfugaji wa kwetu akiona mkojo mwekundu hukimbilia kusema ni ugonjwa wa kupe, na mara nyingi ni kweli, ila si kila mara. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mmea huu miongoni mwa vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani. Wajapani hula machipukizi yake, yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, baada ya kuyachemsha kwa maji ya majivu. Bibi zetu Waluhya wanaolainisha mrenda kwa munyu wa majivu wangeielewa mbinu hiyo papo hapo: chumvichumvi ya majivu huivunja ptakilosidi. Hapo ujuzi wa jikoni ulitangulia maabara. Hata hivyo hupunguza sumu tu. Sithubutu kusema huimaliza.

Sasa nirudi kwenye swali la udongo, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, wakiongozwa na Lena Ma, walitangaza kwamba kangaga Pteris vittata hufyonza arseniki, elementi yenye sumu, kutoka ardhini na kuilimbikiza katika majani, hadi zaidi ya gramu 20 kwa kila kilo ya majani makavu. Ni hazina kwa anayetaka kusafisha ardhi iliyochafuliwa, na ni sumu kali kwa atakayeyachemsha anywe. Arseniki mara nyingi huandamana na dhahabu ndani ya miamba, na Kakamega tumechimba dhahabu tangu miaka ya 1930, kuanzia mgodi wa Rosterman hadi mashimo ya leo ya Ikolomani. Kangaga lililoota kando ya kifusi cha mgodi haliwezi kuhesabiwa sawa na lililoota kivulini mwa msitu, hata kama mchuuzi ameyafunga pamoja katika gazeti moja.

Bodi ya Famasia na Sumu husajili dawa za mitishamba, lakini usajili huo unaifaa chupa yenye lebo, na mzizi wa gazetini unabaki nje. Kupiga marufuku kungemficha tu muuzaji. Ninachokitaka ni kidogo: jani lije na mzizi, na mahali palipochimbwa pajulikane. Kikundi cha Muliru, pembeni mwa msitu wa Kakamega, kinalima mmea wa dawa chenyewe na kutengeneza balsamu ya Naturub. Hapo shamba linajulikana.

Nilirudi Kibuye nikamweleza mama habari ya migodi. Alilikunja gazeti polepole, akaliweka chini ya meza, mbali na mafungu mengine. "Akija Jumanne," akasema, "nitamwambia alete na majani yake, na anitajie mahali."