Larry Holmes baada ya kipigo cha kwanza: alikosea kuendelea?

Usiku wa 21 Septemba 1985, mjini Las Vegas, Larry Holmes, bondia Mmarekani na bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipanda ulingoni akiwa na mapambano 48 na ushindi 48. Ushindi mmoja zaidi ungemfikisha kwenye rekodi ya Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa uzito huohuo, ya mapambano 49 bila kupoteza, na tarehe yenyewe ilitimiza miaka 30 kamili tangu Marciano apigane mara ya mwisho. Mpinzani wake, Michael Spinks, alikuwa bingwa wa uzito wa chini yake, na hilo lilikuwa pambano lake la kwanza dhidi ya watu wa uzito wa juu. Baada ya raundi 15 majaji wote watatu walimpa Spinks, wawili kati yao kwa tofauti ya pointi moja tu. Holmes alikuwa anakaribia miaka 36. Kwa hasira aliitukana kumbukumbu ya Marciano mbele ya ndugu wa marehemu, jambo ambalo baadaye aliliombea radhi.

Wengi walimtaka atundike glavu palepale. Hakutundika. Alipigana mara 26 zaidi, akashinda 21, na alipopigana mara ya mwisho mwaka 2002 alikuwa na miaka 52. Je, alikosea?

Wanaosema alikosea wana hoja nzito, na shahidi wao mkubwa ni Holmes mwenyewe. Tarehe 2 Oktoba 1980 ndiye aliyempiga Muhammad Ali, mtu aliyemlea kimchezo. Holmes alikuwa bondia wake wa mazoezi katika kambi ya Deer Lake, Pennsylvania. Ali alikuwa na miaka 38, mwili umepungua na kupendeza, lakini mikono haikutoka. Raundi baada ya raundi Holmes alimpiga huku akimtazama mwamuzi kana kwamba anamwomba asimamishe. Baada ya raundi ya 10 kocha wa Ali, Angelo Dundee, akasema basi. Holmes alilia. Ali akapigana tena mara moja, Desemba 1981, na mwaka 1984 akatambuliwa kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson. Si rahisi kupima ni kiasi gani cha maradhi yale kilitokana na ngumi, lakini hakuna bondia aliyeuona uzee ulingoni kwa karibu kuliko Holmes.

Ipo hoja nyingine, kwamba kuendelea kuliharibu jina lake. Hii siikubali. Mikanda aliitetea mara 20 kabla ya Spinks, na hakuna kipigo cha baadaye kilichoweza kuzifuta. Jina likichafuka husafishika. Ubongo ukiumia haurudi, na huo ndio mjadala wenyewe.

Kwa upande wa pili, mtu aliyepoteza kwa pointi moja ana haki ya kudai marudiano. Yalikuja Aprili 1986, majaji wakagawanyika, Spinks akapewa tena, na hadi leo wapo wengi wanaoamini Holmes aliporwa. Huyo hakuwa mzee aliyekwisha.

Halafu kuna usiku wa Februari 1992, Atlantic City. Holmes ana miaka 42, mbele yake yupo Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, hajawahi kupigwa. Holmes anajiegemeza kwenye kona kwa hiari yake, mgongo kwenye kamba. Mercer anamfuata, na kabla hajafyatua ngumi yake, ule mkono wa kushoto wa Holmes ulionyooka kama mkuki umeshamfika usoni. Mzee alishinda kwa pointi, bila ubishi. Ng'ombe hazeeki maini. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba umri wake pekee unatosha kumfungia mlango, unamdhulumu.

Ila Olimpiki hiyohiyo ya Seoul ilitupa pia Robert Wangila wetu wa Kenya, aliyetwaa dhahabu. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake. Wangila akalalamika kwamba bado ana nguvu, akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha kubadilishia nguo, kisha akazimia. Alifariki akiwa na miaka 26. Kila nikilikumbuka tukio hilo moyo unauma, na linanifundisha kwamba bondia hawezi kuwa hakimu wa mwili wake mwenyewe, awe kijana au mzee. Kwa hiyo hata kama Holmes alijisikia vizuri, hilo halitoshi. Kwamba aliondoka ulingoni akiwa timamu ni neema, si ushahidi kwamba kila mmoja anaweza.

Wala hakusukumwa na njaa. Joe Louis, bingwa mwingine wa zamani wa uzito wa juu, alirudi ulingoni akidaiwa kodi, akaishia kuangushwa na Marciano mwaka 1951. Holmes alikuwa amewekeza fedha zake katika majengo na biashara mjini kwao Easton. Alikuwa na uwezo wa kukataa.

Ndiyo maana mimi sipimi ile miaka yote 17 kwa kipimo kimoja. Marudiano na Spinks yalikuwa haki yake. Pambano la Mercer lilikuja baada ya mapambano kadhaa ya kujinoa mwaka 1991, na mwili ulikuwa umejibu. La Mike Tyson, Januari 1988, ni jingine kabisa. Katika raundi ya nne Holmes aliamka, akacheza kwa vidole vya miguu, mkono wa kushoto ukaanza kufanya kazi kama zamani. Kisha akaangushwa mara tatu, na katikati ya kipigo hicho mkono wake wa kulia, akijaribu kupiga kutoka chini, ukanasa kwenye kamba. Ndiyo mara pekee alipozimwa kabla ya kengele ya mwisho katika mapambano 75. Alikuwa na miaka 38, hajapigana kwa miezi 21, na walimpandisha moja kwa moja mbele ya kijana wa miaka 21 bila hata pambano moja la kujaribu miguu. Kibali cha pambano lile hakikupaswa kutolewa.