Daraja la 3 bado linaua

Makala inasema hatari ya maporomoko ya theluji katika Alps za Uswisi imeshuka kutoka daraja la 4 hadi la 3 (kati ya madaraja 5, la 5 likiwa la hatari zaidi), na baadhi ya wachangiaji hapa tayari wanapanga kupanda kesho na skii zao, mbali na njia zinazolindwa. Ndugu zangu, subirini kwanza. Daraja la 3 ndilo linaloua wengi zaidi Uswisi, kwa sababu ndizo siku watu wanazotoka: anga limetakata, theluji mpya ni laini, macho hayaoni tatizo lolote. Chini yake huenda kuna tabaka dhaifu, chembe zisizoshikana kama sukari, na uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja. Wengi wanaofukiwa huwa wameliamsha poromoko wao wenyewe au wenzao. Someni taarifa ya hatari ya maporomoko kutoka SLF, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, inayotoka saa 11 jioni. Epukeni miteremko inayozidi nyuzi 30, hasa pale upepo ulipolundika theluji. Na kila mmoja avae kifaa cha kutafutana kinachotuma mawimbi ya redio, abebe sepeto na fimbo ndefu ya kudunga ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa. Aliyefukiwa ana dakika chache sana, yapata 10 hadi 15, na helikopta mara nyingi haiwahi. Mnaowahi ni nyinyi mlio naye.